Kutoka Mulago hadi Brussels: Historia Fupi ya Kuutambua Uvimbe wa Mashavu

Kiswahili kina maneno mawili, perema na matubwitubwi, kwa ugonjwa unaovimbisha mashavu chini ya masikio. Uvimbe mwingine wowote wa mahali hapohapo huitwa uvimbe tu. Huo si upungufu wa lugha yetu. Kwa muda mrefu hata madaktari wa Ulaya walitegemea macho na vidole. Katika makala haya tunaeleza jinsi binadamu alivyojifunza kuuliza seli yenyewe, na kwa nini sehemu kubwa ya kisa hiki inahusu Kampala, na nyingine inahusu mji wetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari mpasuaji, Denis Burkitt, amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne. Wiki chache baadaye, Burkitt akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo, na tumboni pia. Akaanza kupekua majalada ya wagonjwa wa zamani. Makala yake ya 1958 iliuita ugonjwa huo sarkoma ya taya. Mwaka 1960, Gregory O'Conor na J.N.P. Davies, wanapatholojia wa Kampala, walionyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Uvimbe wa taya, wa tumbo na wa viungo vingine, ambao jicho liliuona kuwa magonjwa mbalimbali, chini ya hadubini ulikuwa ugonjwa mmoja.

Jina hilo jipya lilibadilisha tiba. Kisu hakikuweza kuumaliza ugonjwa ulioenea hivyo, lakini dawa ziliweza kuuyeyusha, na baadhi ya watoto walipona.

Kwa tezi za mate mambo yalikwenda kinyume. Tuna jozi tatu za tezi kubwa na mamia ya tezi ndogo mdomoni. Uvimbe wake kwa nje hufanana sana, lakini ndani ni wa aina nyingi. Aina moja hukua polepole bila kuenea. Nyingine hufuata mishipa ya fahamu na kurudi baada ya miaka mingi. Mwaka 1964, Davies, Burkitt na mwenzao Dodge walichapisha katika jarida la Cancer uchunguzi wa uvimbe wa tezi za mate nchini Uganda. Kazi ya namna hiyo iliwezekana kwa sababu Kampala ilikuwa na daftari la kuandikisha saratani tangu 1951. Vyombo vya maabara vya wakati huo vilikuwa nta ya kugandishia nyama, wembe wa kuikata nyembamba, rangi ya waridi na ya buluu, na hadubini.

Rangi hizo huonyesha umbo la seli, lakini seli mbili za asili tofauti zaweza kufanana kwa umbo. Hapo ndipo Brussels inapoingia. Jules Bordet, aliyekuja kuongoza Taasisi ya Pasteur ya hapa mwaka 1901 na kupata Tuzo ya Nobel ya 1919, alichunguza jinsi kingamwili zinavyofanya kazi katika damu. Kingamwili hushika kitu chake maalumu, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake walizifunga rangi inayong'aa, ili mahali ziliposhika paonekane. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi. Leo mwanapatholojia humwaga kingamwili juu ya kipande cha tezi na kutafuta alama: p63, S100, CD117. Hakuna alama moja inayotosha; husomwa pamoja, zikilinganishwa na umbo. Hata jeni huulizwa: aina moja ya saratani ya tezi za mate ilitambuliwa mwaka 2010 tu, kwa jeni mbili zilizoungana. Kabla ya hapo ilikuwa ikihesabiwa na nyingine.

Kosa la jina lina gharama. Katikati ya tezi iliyo mbele ya sikio hupita mshipa wa fahamu unaotuwezesha kutabasamu na kufumba jicho. Anayekata bila kujua anachokata anaweza kuuharibu. Anayeogopa kukata anaweza kuiacha saratani.

Jambo moja linatusumbua. Mwaka 1957 jarida la Kibelgiji la tiba ya kitropiki lilichapisha makala ya Thijs juu ya uvimbe 2,536 wa saratani kutoka Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Miongoni mwa watu hao huenda wamo jamaa za babu zetu. Majina ya madaktari tunayasoma. Wagonjwa wamebaki hesabu. Nyama yao ilijenga elimu, lakini kipimo cha kingamwili, kinachodai friji, umeme wa uhakika na fedha, bado ni rahisi kukipata hapa kuliko katika vijiji walikotoka.

Kwa lugha tunaweza kufanya kitu leo. Wengi wetu huitwa na shangazi na wajomba tuwatafsirie kwa daktari, nasi hukwama penye neno hili la alama za seli. Tunapendekeza "vitambulisho vya seli". Mzee akiambiwa kwamba maabara imeomba vitambulisho vya uvimbe wake, ataelewa kwa nini jibu linachukua wiki mbili, na atajua la kumwuliza daktari.