Goma: mji ulioletwa na mpaka

Kisangani ilikua kando ya maporomoko ya Wagenia, Kindu ikakaa ukingoni mwa Lualaba. Miji hiyo ililetwa na mto. Goma haina mto. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Nyiragongo huzama katika miamba ya volkano, na hata leo wengi hunywa maji yanayotoka Ziwa Kivu. Mtu aliyetafuta kiwanja cha mji mkubwa asingechagua uwanda huu wa makoro meusi, yaani mawe ya volkano, chini ya mlima wa moto wenye kimo cha karibu mita 3,470. Kituo kiliwekwa hapa kwa sababu moja: jirani yake alikuwa Mjerumani.

Wenyeji walikuwako zamani. Bukumu, nchi inayozunguka Goma, ilikuwa na machifu wake, mashamba yake na njia zake za kushuka ziwani. Mwaka 1885, Dola Huru ya Kongo ilipojitangazia mipaka, Wazungu walipiga mstari juu ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga. Ziwa lenyewe hawakuliona hadi Juni 1894, Gustav Adolf von Götzen alipofika akitokea Pangani na kuipanda Nyiragongo. Huyo ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji.

Baada ya safari yake Wajerumani waliukataa mstari wa 1885. Mwaka 1899 maafisa wawili, Bethe wa Ujerumani na Hecq wa Kongo, walikubaliana kwamba kila upande ubaki na vituo vyake mpaka wakubwa wa Ulaya waamue. Baadaye kaskazini mwa ziwa kukawa na bendera mbili zikitazamana: Wajerumani Gisenyi, Wabelgiji Goma. Kituo cha Goma kilikuwa cha askari na wapagazi, na kazi yao kubwa ilikuwa kumchunga jirani asisogee.

Uamuzi ulitolewa Brussels mwaka 1910, kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza. Gisenyi ilibaki kwa Mjerumani, kisiwa cha Idjwi kikaenda kwa Mbelgiji, na mpaka ukapandishwa kwenye vilele vya volkano hadi Sabinyo. Hakuna mwami wala chifu aliyeitwa mezani. Naliona hilo kuwa jambo zito kuliko yote katika historia ya mji huu: familia zilizooana na kulimiana mashamba ziliamka zikiwa raia wa koloni mbili.

Miaka minne tu baadaye, vita vikazuka. Septemba 1914 Wajerumani waliiteka Idjwi, na kati ya Goma na Gisenyi pande mbili zilishambuliana hadi 1916, majeshi ya Kongo yalipovuka na kuingia Kigali mwezi Mei, kisha Tabora mwezi Septemba. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na wengi hawakurudi makwao.

Ubelgiji ilipokabidhiwa Rwanda, mlinzi wa Goma hakuwa tena na adui. Mji ukageukia bandari, boti za Bukavu, mazao ya Masisi na Rutshuru, pamoja na wageni wa Hifadhi ya Albert iliyoanzishwa mwaka 1925. Bado ulikuwa mdogo. Makao makuu ya mkoa wa Kivu yalikuwa Bukavu, na Goma ilipata mkoa wake, Kivu ya Kaskazini, mwaka 1988.

Masimulizi mengi ya mwanzo wa Goma yaliandikwa na maafisa, kwa Kijerumani na Kifaransa. Upande wa Bukumu umebaki vinywani mwa wazee, na vita na mitiririko ya moto ya 1977, 2002 na 2021 imewatawanya watu wengi. Mwenye babu au bibi anayekumbuka machifu na mashamba ya zamani, aketi karibu naye, amwulize, na aandike majina yao.