Sifuri ya Kila Wiki

Wiki ya ufuatiliaji wa magonjwa huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Ikifungwa, muuguzi wa zahanati, ambaye huenda ndiye aliyezalisha usiku na kuchanja watoto asubuhi, hupitisha kidole kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania, mstari kwa mstari, kisha huchukua simu, hata kama ni kitochi, akajaza: kipindupindu 0, surua 0, homa ya uti wa mgongo 0. Tarakimu hizo humfikia mratibu wilayani, zikapanda mkoani na wizarani. Hata asipokuwa na mgonjwa, sharti atume. Ndiyo taarifa sifuri, na mantiki yake ni nzuri: aliyenyamaza huwezi kujua kama yu salama au amelala.

Kasoro iko kwingine. Sifuri ileile huandikwa na aliyetafuta akakosa na asiyetafuta kabisa. Mfumo jumuishi wa ufuatiliaji, ambao nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliukubali mwaka 1998, hupima taarifa kwa ukamilifu na kwa kuwahi. Zahanati iliyotuma sifuri 52 kwa wakati hupata asilimia 100, na kwenye kikao cha wilaya ni nadra kuulizwa lolote. Kwa maoni yangu, hapo tunapima utii huku tukidhani tunapima ugonjwa.

Wanaofuatilia polio walilitambua hili zamani. Hawamngoji mgonjwa wa polio. Humtafuta kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyepooza ghafla, kwa sababu yoyote ile, wakachukua sampuli mbili za kinyesi kwa kupishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kupooza kuanze. Kupooza kusikotokana na polio kupo kila mahali, kwa hiyo kiwango chake kinatarajiwa: walau mtoto 1 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Halmashauri yenye watoto 300,000 isiyoleta hata mmoja mwaka mzima haistahili pongezi, inastahili kukaguliwa. Sifuri yake ya polio haiaminiki kwa kuwa ile sifuri yake ya kupooza haielekei kuwa ya kweli. Surua nayo ina kipimo cha namna hiyo: wenye homa na upele waliopimwa wakakutwa hawana surua, walau 2 kwa kila watu 100,000.

Atakayepinga atasema kipindupindu hakina kiwango cha kutarajiwa. Kweli, lakini kuhara kupo. Tuseme zahanati imeandika wagonjwa 14 wa kuhara majimaji, ikawapima 6 kwa kipimo cha haraka na wote wakaonekana hawana. Sifuri yake ina uzito. Jirani yake aliyeandika 0 bila kumpima mtu ametuma tarakimu tupu. Safu moja ya “waliopimwa” kando ya “waliokutwa nao” ingetosha kuwatofautisha. Gharama ni vipimo, navyo, nakiri, ndivyo vinavyowahi kuisha stoo.

Kuna pia magonjwa yasiyo na safu. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu walikuwa wakiugua homa, wakiumwa kichwa, wengine wakitokwa damu puani. Mgonjwa wa namna hiyo unamwandika wapi? Wizara ya Afya ilipotangaza mwezi Julai kuwa ni homa ya mgunda, wagonjwa walikuwa 20, na 3 walikwisha kufariki. Ugonjwa wa aina hii haukamatwi na fomu. Hukamatwa na mtu wa zamu anayeshangaa kuona damu ya pua kwa wagonjwa wawili wasiojuana, akapiga simu kabla wiki haijafungwa.

Mshangao huo nao unataka kulishwa kwa majibu. Sampuli husafirishwa kwenye kibebeo chenye barafu hadi maabara, majibu hurudi mkoani, pengine wilayani, na mara nyingi huishia hapo. Muuguzi aliyemshika mtoto aliyepooza ili sampuli ichukuliwe huja kusikia kutoka kwa mama wa mtoto huyo, siku ya kliniki, kwamba mtoto sasa anatembea. Wala hana pa kuliandika hilo.