Kutoka kaseti ya deki mbili hadi Xender: nakala za Bonde la Kilombero

Historia ya kugawana mafaili kwa kawaida huanzia Marekani mwaka 1999, Napster ilipozaliwa, na kuishia mahakamani mwaka 2001 ilipofungwa. Kwa Uchindile simulizi hiyo haifai kitu. Kata hii ya mkoa wa Morogoro iko milimani juu ya Bonde la Kilombero, pale ambapo reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, inapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako kwa madaraja na mahandaki. Huku nyimbo zilipita mkono kwa mkono zamani sana kabla ya intaneti. Mtindo wenyewe haujabadilika sana. Kilichobadilika ni nani anayebeba hatari yake: zamani ni fundi wa kibandani aliyenakili kanda, leo ni kila mwenye simu.

Miaka ya 1970 na 1980 bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda za kununua zilikuwa adimu. Aliyempenda mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe (na mkoani Morogoro nani hakumpenda?) alinasa nyimbo redioni au akamwendea mwenye redio kaseti ya deki mbili. Kanda iliyorekodiwa kiwandani ilikuja imeondolewa vipande viwili vya plastiki mgongoni ili isifutwe; watu walisokota karatasi, wakaziba matundu na kurekodi juu yake. Mwanamuziki alipunjika, hilo halina ubishi. Lakini hasara ilikuwa na breki yake: nakala ya nakala ilikoroma hadi haisikiki, na hakuna kanda iliyowahi kuiambukiza redio ugonjwa.

Sheria ya hakimiliki, Na. 7 ya 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na stempu za kodi za kanda na CD zilizokuja 2013 zilimlenga muuzaji. Zilihitaji duka la kukagua na bidhaa ya kushika. Wakati huohuo memori kadi na Bluetooth, kisha Xender, programu ya kurushiana mafaili kwa simu, vilikuwa vinaliondoa duka lenyewe. “Nirushie hiyo ngoma,” na biashara imekwisha bila shilingi kutoka mfukoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ndiyo iliyomfuata huyu asiyeuza: kifungu cha 24 kinatenganisha anayekiuka haki za ubunifu kibiashara na asiyefanya biashara, lakini huyu wa pili naye kinamwekea faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Nakala ya kusikiliza mwenyewe sheria ya hakimiliki inaivumilia. Kuwagawia wengine ni habari nyingine.

Utasema, nani atapanda hadi Uchindile kumkamata kijana kwa nyimbo kumi? Pengine hakuna. Ila simu iliyochukuliwa kwa kesi nyingine inabeba ushahidi wa hii pia, na kirusi hakisubiri askari. Kirusi cha kompyuta kilichosambaa kwa flashi kiliijua saikolojia yetu: kinaficha folda ya nyimbo, kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile, na ukibofya kinajiwasha kwanza ndipo kikufungulie folda halisi, nawe huhisi lolote. Programu za kurushiana nazo si salama kwa kuwa tu hazitumii bando. Mwaka 2020 India ilipiga marufuku Xender na mwenzake SHAREit, na uamuzi ule ulikuwa na siasa za mpakani ndani yake. Lakini mwaka 2021 kampuni ya Trend Micro ilianika udhaifu wa SHAREit uliompa mvamizi nafasi ya kufikia data za simu, na hapo siasa haikuwamo.

Hoja nzito zaidi ya watetezi ni kwamba kurushiana kunamtangaza msanii. Kwenye enzi ya kaseti ningeikubali, kwa kuwa umaarufu uligeuka viingilio vya dansi. Sasa sehemu ya kipato hutokana na kuhesabiwa: Boomplay na YouTube hulipa kwa kadiri wimbo unavyosikilizwa humo. Wimbo uliorushwa kwa Xender stesheni ya Uchindile hauhesabiwi popote, hata ukichezwa kijiji kizima msimu mzima wa mavuno.