Mtoto mwenye wahaka: tumpe dawa au tusimpe?



Mama mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha chupa ya dawa ya mafua. Mwanawe wa miaka sita hana mafua. Kila asubuhi ya skuli hushikwa na tumbo, hulia, mara nyingine hutapika, na wakifika mlangoni hung'ang'ania buibui la mamake. Jirani akamshauri: mpe kijiko kimoja, atatulia. Ametulia kweli, kwani sasa analala darasani. Hofu yake iko palepale.

Swali alilokuja nalo ni lile wanaloliuliza wazazi wengi kwa sauti ya chini: je, kuna dawa ya hofu ya mtoto mdogo, na ni sawa kumpa? Jibu fupi ni kwamba dawa zipo na zinawasaidia baadhi ya watoto. Lakini kwa umri huu si hatua ya kwanza, wala si za kununua dukani bila daktari.

Hofu gani ni ugonjwa?

Kila mtoto huogopa. Wa mwaka mmoja humlilia mgeni, wa miaka minne huogopa giza, kisha hupita. Daktari huanza kuiita ugonjwa inapodumu wiki nyingi, ikawa kubwa kuliko jambo lenyewe, na ikamnyima mtoto mambo ya umri wake: skuli, chuo, usingizi, chakula na michezo. Watoto hawasemi "nina wahaka". Husema tumbo linauma. Wengine huongea nyumbani kama kasuku, na wakifika darasani hawatoi neno. Sisi tukawaita wenye kiburi, kumbe hofu imewafunga ulimi.

Kwanza tafuta sababu

Mtoto anayekataa ghafla kwenda skuli, madrasa au nyumba fulani huenda anachapwa, anaonewa au anaguswa vibaya. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya watu. Kama kuna anayemuumiza, kumpa dawa ya kumtuliza ni kumziba mdomo. Daktari naye ampime mwili, maana upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na hata baadhi ya dawa za pumu zaweza kuupiga moyo mbio.

Wengi wetu huanza kwa kombe na kumsomea. Qur'ani ni faraja kwa mtoto na kwa mzazi, na dini yetu imetuhimiza kujitibu. Hospitali na dua hazigombani. Ubaya ni pale mtoto anapofukizwa au kuchapwa eti jini litoke. Hapo hofu inaongezewa hofu.

Mazoezi kabla ya vidonge

Hofu ikikimbiwa hukua, ikikabiliwa kidogo kidogo hupungua. Huo ndio msingi wa tiba ya mazungumzo na mazoezi, ambayo wataalamu huianza kwanza. Kwa mtoto wa skuli, mama atakaa naye darasani siku chache, kisha atakaa nje barazani, kisha langoni, mwisho atamuaga na kuondoka. Kila hatua irudiwe mpaka mtoto aizoee. Asifiwe akijaribu, asidhihakiwe akishindwa.

Kosa letu la huruma ni kumrudisha nyumbani kila anapolia. Leo atapumua, lakini kesho hofu itarudi na nguvu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwafundisha wazazi peke yao namna ya kuacha kuilisha hofu hii. Watoto wao walipata nafuu sawa na wale waliotibiwa wenyewe. Kwetu, ambako wataalamu wa watoto ni wachache, hilo ni jambo la kushika.

Dawa zenyewe

Zinazotumika zaidi ni za kundi linaloongeza kazi ya kemikali ya serotonini kwenye ubongo, kama setralini na fluoksetini. Si dawa za usingizi. Huanza kwa dozi ndogo, na nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulihusu watoto 488 wa miaka 7 hadi 17, kwa wiki 12. Katika kila 100, waliopata nafuu kubwa walikuwa kama 81 kwa waliopewa setralini pamoja na mazoezi, 60 kwa mazoezi peke yake, 55 kwa setralini peke yake, na 24 kwa vidonge visivyo na dawa. Basi dawa inasaidia, na inasaidia zaidi ikienda pamoja na mazoezi. Lakini angalia umri: walianzia miaka 7. Kwa walio chini ya hapo ushahidi ni mdogo, ndiyo maana daktari makini hasiti kusema "tungoje kwanza".

Madhara ya kawaida ni tumbo kuchafuka, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, na mtoto kuchachawa asitulie. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali: katika majaribio, fikra au vitendo vya kutaka kujidhuru vilionekana kwa watoto kama 4 katika 100 waliomeza dawa hizi, na 2 katika 100 waliomeza vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, lakini wiki za kwanza mtoto aangaliwe kwa makini. Wala dawa isikatwe ghafla. Hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Diazepamu ni kitu kingine. Hulaza na huweza kuleta uraibu. Usikubali kupewa dukani.

Lini ukubali?

Dawa ina nafasi pale mtoto amechunguzwa vizuri, mazoezi yamefanywa kwa dhati bila nafuu, au hofu imezidi hata hawezi kuyaanza: hali, halali, ameacha skuli. Kisha muulize daktari: Ni dawa gani, na kwa nini hii? Tutajuaje kama inafanya kazi? Tutarudi lini? Ataitumia kwa muda gani, na ataiachaje? Asiyekuwa na jibu la "mtarudi lini" usichukue dawa yake.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa. Mombasa, Hospitali ya Port Reitz imekuwa na kitengo cha afya ya akili kwa miaka mingi. Usiogope jina hilo. Ami na nyanya watasema mtoto ataitwa mwendawazimu. Waelezeni kwa heshima kwamba moyo wa mtoto pia huugua, na hutibika.

Mama yule ameiweka chupa kabatini, hadi mafua yenyewe yaje. Asubuhi hizi amekaa barazani pa darasa, mwalimu akiwa radhi. Mtoto bado analia, lakini hatapiki tena. Miadi ya daktari ameiweka vilevile.