Mashua Iliyopita Singida Mabegani

Kuunda vyombo vidogo vya mbao, jahazi la kuwekwa mezani likiwa na mlingoti, foromali na tanga lake, ni kazi ambayo wengi wetu huihesabu kuwa ya watu wa pwani. Makumbusho ya Lamu yana mifano ya majahazi, na mafundi wa visiwani huchonga vyombo vidogo vya kuuza. Ukiitaja Singida katika mazungumzo hayo utaulizwa ni bahari gani iliyoko huko. Swali ni la haki. Mji huo uko kama kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, katika nyanda kavu za kati, na maziwa yake mawili, Singida na Kindai, ni ya maji ya chumvi. Hata hivyo mkoa huu una dai halali katika sanaa ya mifano ya vyombo, na dai lenyewe halihitaji bahari. Mwanzoni mwa mwaka 1875 mashua ya mbao ilipita nchi ya Wanyaturu ikiwa imefumuliwa vipande, juu ya mabega ya watu. Mfano unaoifaa Singida ni ule unaoionyesha mashua hiyo katika hali hiyo ya vipande. Kuionyesha ikielea kungekuwa kusimulia habari ya mahali pengine.

Mashua hiyo ni Lady Alice ya mpelelezi Henry Morton Stanley. Iliundwa mwaka 1874 na James Messenger wa Teddington, karibu na London, kwa mbao za mwerezi wa Kihispania. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, kina inchi 30, na bao lake lilikuwa jembamba, chini ya sentimita moja. Sharti kuu la mteja lilikuwa kwamba igawanyike vipande vitano, kila kimoja futi 8. Ilipofika Zanzibar na vipande kupimwa, vilikutwa vizito kupita kiasi: vingi vilikuwa na ratili kama 280, yaani karibu kilo 127, wakati mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60 au 70. Ikabidi atafutwe fundi mjini Zanzibar avipasue na kuvipunguza kabla ya msafara wa Stanley kuondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Katika kuunda chombo, kwa kawaida mtu hutazama maji: mawimbi yatapiga wapi, upepo utavuta vipi. Hapa umbo la mwisho liliamuliwa na uwezo wa watu wawili kupenya kichakani na kipande cha mashua kati yao. Wabebaji wa mashua walikuwa watu wa kuchaguliwa kwa nguvu zao. Kwa maelezo ya Stanley walilipwa zaidi ya wenzao, wakapewa posho maradufu, na wakaruhusiwa kufuatana na wake zao.

Msafara haukufuata barabara ya kawaida ya kwenda Tabora. Ulipofika Ugogo uligeuka kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Victoria, na hapo ndipo ulipoingia nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida. Njia ilipotea porini, chakula kikaisha, na Stanley anasimulia jinsi sanduku la bati lilivyotolewa nguo na kutiwa maji na unga wa shayiri, likawa chungu cha uji wa watu zaidi ya 200. Huko Chiwyu, tarehe 17 Januari, akafa Edward Pocock kwa homa. Yeye na ndugu yake Frank walikuwa vijana wa familia ya wavuvi wa Kent, waliochukuliwa kwa sababu walijua mashua. Edward akazikwa katika nchi isiyo na bahari, kabla Lady Alice haijagusa ziwa. Siku chache baadaye, Vinyata, kulizuka vita kati ya msafara na Wanyaturu. Watu zaidi ya 20 wa msafara waliuawa, na Stanley akajibu kwa kuchoma vijiji na kuchukua nafaka na mifugo. Katika siku hizo vipande vya mashua vilipata kazi ambayo Messenger hakuifikiria. Stanley anaeleza kwamba vilipangwa katikati ya kambi kuwa ngome ya mwisho, mahali pa kurudi nyuma endapo boma la miiba lingevunjwa. Kwa hiyo ukiuliza Lady Alice ilifanya nini Singida, jibu ni kwamba ilibebwa, ikachelewesha watu, kisha ikawa ukuta. Kuelea kwake kulikuja baadaye: msafara ulifika Kageye, kusini mwa ziwa, tarehe 27 Februari, na tarehe 8 Machi mashua ikaondoka kulizunguka ziwa.

Mtu anaweza kusema kisa kimoja si historia ya mkoa. Lakini jambo lilelile lilirudi baada ya miaka 40, safari hii kwa chuma. Meli ya Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kwa reli ya kati na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Reli hiyo hupita Manyoni na Itigi. Maana yake meli ya mita 71 ilikatiza kusini mwa Singida ikiwa misumari, mabamba na mabomba ndani ya mabehewa, na aliyesimama stesheni asingejua kwamba kinachopita mbele yake ni meli. Maziwa makuu yana historia ya vyombo vinavyoelea. Nyanda za kati zina historia ya vyombo vinavyosafirishwa, na bila ya pili ya kwanza isingekuwapo. Vitabu vingi vinavyosimulia safari ya Stanley huruka kipande hiki. Vinaanza Zanzibar kwenye maandalizi, vinataja njaa na vita kwa kurasa chache, kisha vinapumua ziwani.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Kwa nini Singida ijisumbue na mashua ya mtu aliyechoma vijiji vyake? Stanley alitumikia baadaye tamaa za Mfalme Leopold wa Pili huko Kongo, na kitabu chake kinawaeleza watu wa Vinyata kwa lugha ya dharau. Upande wao wa habari hawakupewa nafasi ya kuuandika. Pingamizi hilo ningelikubali kama mfano ungekuwa ule unaopendwa na makumbusho ya Ulaya: Lady Alice nzima, inang'aa, tanga juu, nahodha mzungu amesimama. Mfano wa namna hiyo ni sifa. Mfano wa vipande unamwondoa Stanley katikati. Ukivipanga vipande vile, kila kimoja na mti wake wa kubebea, mtazamaji atauliza kwanza nani alibeba, na jibu litampeleka kwa Wangwana wa Zanzibar na wapagazi wenzao, kwa Uledi aliyekuja kuwa mshika usukani hodari wa mashua hiyo, kwa Manwa Sera aliyeongoza watu. Ukivipanga kama boma, atauliza ni nani walikuwa nje ya boma. Hilo ni swali ambalo sanamu ya Stanley haiwezi kuliibua.

Kuna pia wanaosema mfano si ushahidi: fundi akikosa habari huziba pengo kwa kukisia, kisha kisio lake linaonekana sawa na ukweli. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja chumbani. Tazama mtepe, chombo cha pwani cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na kuvuta tanga la mkeka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ya 1930, na mtaalamu wa vyombo James Hornell akaandika habari zake mwaka 1941. Kilichobaki ni picha, maandishi na mifano midogo iliyoundwa na watu waliowahi kukiona chombo chenyewe. Zanzibar ilipounda mtepe wa ukubwa kamili na kuuweka katika jumba la Beit al-Ajaib, ilikuwa inaendeleza mnyororo huo, na kuporomoka kwa sehemu ya jengo hilo Desemba 2020 kulikumbusha kwamba si busara kuweka kumbukumbu yote chini ya paa moja. Waundaji wa mifano wanapopelekeana michoro, wakakosoana mshono na pembe ya hanamu, kisio la mmoja hugunduliwa na mwenzake. Kwa Lady Alice maswali ni mengi: mkuku ulikatwaje ili maungio yasivuje, mataruma yalikaaje karibu na kila mkato, fundi wa Zanzibar alipunguza wapi. Mashua yenyewe iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila, mto Kongo, tarehe 31 Julai 1877. Kitabu cha Stanley kinatoa vipimo. Mkono unaojaribu kuvitekeleza ndio unaogundua pale visipokubaliana.

Lipo pingamizi moja ambalo silioni jibu lake katika mfano mdogo. Ukiiunda Lady Alice kwa kipimo cha moja kwa kumi, urefu utakuwa sentimita 122 na bao lako milimita moja hivi, kazi ngumu lakini inawezekana. Uzito, hata hivyo, hupungua mara elfu. Kipande cha kilo 127 kinakuwa gramu 127, na mtoto wa shule atakiinua kwa vidole viwili. Yaani mfano mdogo unapoteza hasa kile kilichoifanya mashua hii kuwa habari ya Singida. Kwa hiyo mifano midogo na iundwe kwa ajili ya umbo na maungio, lakini pamoja nayo kiundwe kipande kimoja cha ukubwa kamili, futi 8, kwa uzito wa awali, na kiachwe wazi ili wageni wajaribu kukinyanyua. Mbao haziko mbali. Mti ambao mafundi wa Uingereza waliuita mwerezi wa Kihispania ni Cedrela odorata wa Amerika ya kitropiki, ambao baadaye uliletwa Tanzania na sasa umeuvamia msitu wa Kimboza mkoani Morogoro hadi kuibana miti ya asili. Gogo la huko likipasuliwa kwa kazi hii, wahifadhi wa msitu hawatalalamika, na njia yake ya kufika Singida itapita Ugogo, kama ilivyopita mashua, ila safari hii kwa lori.