Beji ya Mwaka Mmoja

Sisi mashabiki tunaamini refa huzaliwa mwizi. Anatokea tu uwanjani na filimbi yake, anatunyima penalti, tunamtukania mama, tunaenda nyumbani. Kilichomfikisha pale katikati hatukijui, na mimi naona hadithi hiyo ni tamu kuliko penalti yenyewe.

Zamani kule Uingereza refa hakuwa ndani ya uwanja. Kila timu ilileta mwamuzi wake, na hao wawili wakikosa kuelewana (na si unajua walikosa mara ngapi), kesi ilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyesimama nje. Mwaka 1891 sheria zikamvuta huyo wa nje hadi katikati na kumpa neno la mwisho. Wale wawili wakasukumwa kwenye mstari, wakawa washika vibendera. Sasa mtu mmoja akishapewa nguvu kiasi hicho, lazima watu waulize: ni nani amemruhusu?

Jibu likawa madaraja. Huku kwetu unaanzia chini kabisa. Unasoma sheria 17, unafanya mtihani wa kuandika, unakimbizwa, halafu unapewa mechi za mtaani, pale ambapo shabiki amesimama hatua mbili nyuma yako na hakuna askari hata mmoja. Kutoka daraja la tatu hadi la kwanza ni miaka, si miezi. Wengi huachia njiani, na siwalaumu.

Juu kabisa kuna beji ya FIFA. Refa wa kati lazima awe amefika miaka 25, msaidizi 23. Shirikisho la nchi yako ndilo hupendekeza majina, kwa hivyo ukikosana na wakubwa wa nyumbani, kule Zurich hakuna atakayekusikia. Na hata ukiipata, beji ina mwaka wake: ikifika Desemba 31, imekufa. Jina lako lisiporudi kwenye orodha mpya, wewe ni refa wa ligi ya nyumbani tena. Hebu fikiria digrii inayoisha kila baada ya Krismasi.

Halafu kuna mbio. Mita 40 mara sita, kila moja kwa sekunde 6 kwa wanaume, 6.4 kwa wanawake. Ukimaliza hizo, unakimbia mita 75, kwa sekunde 15 kama ni mwanamume, unatembea 25, unarudia hivyo mara 40. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume hupimwa kwa saa ya wanaume. Hakuna cha kupunguziwa.

Salima Mukansanga wa Rwanda alipita hapo. Alipata beji mwaka 2012, akawa anaipigania upya mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2019 alikuwa Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la wanawake. Januari 18, 2022, mjini Yaoundé, akawa mwanamke wa kwanza kushika filimbi katika AFCON ya wanaume. Zimbabwe walicheza na Guinea.

Novemba hiyo alikuwa Qatar, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa marefa wa Kombe la Dunia la wanaume. Nilikesha nikimngoja. Ufaransa na Australia walipocheza, alikuwa mwamuzi wa nne, kando ya mstari, ubao wa kubadilisha wachezaji mkononi. Filimbi ya katikati hakupewa hadi mashindano yakaisha.