Neno Magazine na Udugu Wake na Hazina

Yako maneno ya Kiingereza ambayo Mswahili huyapokea kama mageni kabisa, kumbe yana jamaa zake humu nyumbani. Mojawapo ni magazine. Mwingereza hulitumia kwa jarida, kwa ghala ya baruti, na kwa kile kisanduku cha bunduki kinachotiwa risasi. Maana hizi zatengana mno, hata mwanafunzi aweza kudhani ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati tu.

Asili yake ni Kiarabu. Mzizi kh-z-n una maana ya kuweka akiba. Makhzan ni mahali pa kuwekea, na wingi wake ni makhazin. Wataliano walilifanya magazzino, Wafaransa magasin, na katika karne ya 16 likaingia Kiingereza kwa maana ya ghala. Wahispania walilitwaa pamoja na al yake, wakapata almacén. Sauti kh kwa Wataliano iligeuka g. Kwetu huwa h, kama katika habari na hatari. Ndiyo sababu hazina, itokayo katika mzizi uo huo, haifanani sana na magazine masikioni. Lakini hazina haikuizaa magazine, wala haikuzaliwa nayo. Ile ma- ya makhzan ni alama ya mahali katika Kiarabu, na katika hazina haimo. (Aliyezoea ngeli zetu asiidhani ma- ya wingi, kama ya magari. Wingi wa makhazin umo katika irabu zake.)

Basi ghala iligeukaje kitabu? Mwaka 1639 Robert Ward alitoa kitabu cha mambo ya vita, na katika anwani yake alikiita magazine, yaani ghala ya kanuni za kijeshi. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha mjini London The Gentleman's Magazine, akiba ya habari za kila namna. Samuel Johnson, aliyemwandikia Cave, alieleza katika kamusi yake ya 1755 kwamba maana hii ya jarida ni ya siku za karibuni, na kwamba imetokana na jarida lile. Siku hizi ndiyo imjiayo msomaji kwanza. Mfaransa naye, ambaye magasin yake imekuwa duka, alipotaka jina la jarida alilikopa neno lile lile kwa Mwingereza. Na huko Moroko, Makhzen ni dola yenyewe.

Nayataja haya kwa kuwa wako wenzetu watakao maneno yetu yenye asili ya Kiarabu yapimwe kwa maana ya Kiarabu, na kila maana iliyohama ihesabiwe kosa. Kwa kipimo hicho Mfaransa hana budi kufunga duka lake. Mtunga kamusi na aiandike asili mahali pake, lakini maana aiulize kwa wasemaji.

Ama gazeti, ambalo wengine hulitia katika ukoo huu kwa kufanana sauti, halimo. Hilo hunasibishwa na gazeta, sarafu ndogo ya Venice.